Kanuni ya Mlango

Mlango ni mpaka kati ya yanayojulikana na yasiyojulikana. Aliye nje hajui yaliyo ndani, na aliye ndani hajui ni nani ajaye. Kwetu Mombasa tulifundishwa tangu utoto njia moja njema ya kuuvuka mpaka huo, nayo ni hodi. Mgeni hubisha mara tatu. Akijibiwa huingia, asipojibiwa huenda zake bila kinyongo. Hodi ni neno fupi, lakini adabu iliyomo ndani yake ni ndefu. Humpa mwenye nyumba nafasi ya kujisitiri, ya kuondoa kikombe kilichoachwa sakafuni, na ya kuamua kama atafungua au la. Avunjaye mlango humnyima mwenzake nafasi hiyo, na kumnyima huko ndiko kushtukiza.

Nataka kuandika juu ya kuvunja milango na kushtukiza watu, lakini msomaji asinidhanie vibaya. Milango nitakayoieleza haikuchongwa na seremala yeyote, wala hakuna mwenye mali aliyepata hasara kwayo. Ilikuwamo katika mchezo wa mezani, na ilivunjwa kwa maneno na dadu. Hata hivyo mmoja wa milango hiyo ulinifunza jambo ambalo nilikuwa sijalijua vema, ingawa nilikuwa mtu mzima na mwalimu. Kwa ajili ya mlango huo nilimdhulumu mtoto wa dada yangu, na sina budi kukiri hapa jinsi ilivyokuwa.

Mchezo wenyewe hautaki vitu vingi. Wachezaji huketi kuzunguka meza wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Kila mmoja hujitungia mtu wake wa kubuni: huyu askari, huyu mchawi, huyu mwizi stadi wa kufungua vitasa. Mmoja wao hana mtu wake, kwa kuwa yeye ni mwamuzi. Mwamuzi ndiye mwenye ramani ya mapango yaliyo chini ya ngome, ndiye ajuaye mazimwi yamelala wapi na hazina imefichwa wapi, naye huwaeleza wenzake wanachoona na wanachosikia. Wao humwambia wanachotaka kutenda. Jambo likiwa rahisi, hutendeka. Likiwa haliwezekani, halitendeki. Likiwa na shaka, hutupwa dadu. Mchezo huu hauna mshindi kama bao au karata. Faida yake ni hadithi ambayo watu wanne au watano wameitunga pamoja bila kujua mwisho wake.

Asili yake ni Marekani, ingawa wazo la mchezo wa vita wenye mwamuzi ni kongwe zaidi. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa na mchezo wa namna hiyo tangu mwaka 1824, ili wajifunze vita bila kumwaga damu. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliwapa wenzake mchezo ambao ndani yake mchezaji hakuwa jenerali wa jeshi zima, alikuwa mtu mmoja tu mwenye haja zake mjini. Mmoja wa wachezaji hao, Dave Arneson, baadaye aliupeleka mchezo wa namna hiyo ndani ya mapango ya giza chini ya ngome. Kisha akashirikiana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, na mwaka 1974 vikatoka vijitabu vitatu vilivyoitwa Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Leo mchezo huo una wachezaji katika nchi nyingi, na vitabu vyake vimeandikwa upya mara kadhaa.

Mimi niliupata huko huko Minneapolis, nilikokwenda kusoma mwaka 2011. Baridi ya nchi ile humfunga mtu ndani kama mfungwa, na theluji ilipoziba njia wanafunzi wenzangu walinialika mezani kwao ili tuzisahau saa za usiku. Nilipokuwa narudi nyumbani mwaka 2014, mmoja wao alinipa zawadi ya kitabu cha kanuni cha mwaka 1981, kilichohaririwa na Tom Moldvay, pamoja na mfuko mdogo wa dadu. Nilivileta Mombasa ndani ya soksi ili visipotee.

Dada yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 14. Alikuwa kijana mwenye akili, lakini alikuwa na kigugumizi, na kwa ajili ya kigugumizi hicho alikuwa amejifunza kunyamaza. Shuleni hakuinua mkono hata kama jibu alilijua. Nyumbani alijibu kwa kichwa. Nilimwita yeye na wenzake watatu kila Jumamosi baada ya alasiri, tukaketi katika baraza la juu la nyumba ya dada yangu, tukacheza. Mpwa wangu alijitungia askari mwenye nguvu, akamwita Chuma. Sitasema kwamba mchezo uliponya ulimi wake, kwa maana haukuuponya. Nasema tu kwamba Chuma alipokuwa na jambo la kusema, mpwa wangu alilisema mpaka likaisha, na wenzake walimngoja. Dada yangu alikuwa akipita na sinia ya chai, akasimama mlangoni kidogo kusikiliza, kisha akaenda zake bila neno.

Sasa sharti nieleze kanuni za milango, maana kisa changu hakifahamiki bila hizo. Watunzi wa mchezo huu waliupa mlango heshima kubwa tangu mwanzo. Katika kanuni za mwaka 1974 milango ya mapangoni aghalabu haifunguki kwa kusukumwa tu. Hukwama, na huhitaji nguvu. Mchezaji hutupa dadu ya nyuso sita, na ikionyesha 1 au 2 mlango hufunguka. Watu hata watatu waweza kuusukuma pamoja, lakini wafanyao hivyo hawatakuwa wepesi kukabili kinachowangoja upande wa pili, kwa kuwa mikono na mabega yao yamo kazini. Mazimwi hayapati taabu hiyo. Milango huyafungukia yenyewe, isipokuwa watu waizuie. Tena mlango uliofunguliwa hujifunga, na mwenye kutaka ubaki wazi lazima apigilie kabari, na kabari nayo yaweza kuteleza. Kwa hiyo kila mlango ni mtihani wa kuingia na wa kutoka pia.

Kabla ya kuuvunja mlango, mtu mwenye busara hutega sikio. Binadamu hutupa dadu, na akipata 1 husikia sauti iliyomo ndani, kama ipo. Viumbe wenye masikio makali kuliko yetu husikia kwa 1 au 2. Wafu waliofufuka kwa uchawi hawatoi sauti kamwe, kwa hiyo ukimya si ushahidi kwamba chumba ni kitupu. Hili ni somo zuri hata kwa asiyecheza: aliyesikiliza akakosa kusikia, hajathibitisha kwamba hakuna kitu.

Kisha huja kushtukiza. Watu wawili au makundi mawili yakikutana, na moja halikujua kwamba jingine lipo, hutupwa dadu kwa ajili ya lile lisilojua. Ikitokea 1 au 2, kundi hilo limeshtukizwa, na wenzao hupata nafasi ya kutenda kwanza huku lenyewe limepigwa bumbuazi. Mwanga, kelele na maneno huondoa nafasi hiyo, kwa sababu aliyekwisha kukuona au kukusikia na kujiweka tayari hawezi kushtukizwa nawe.

Mwanafunzi apendaye hesabu ataona jambo hapa. Nafasi ya mtu mwenye nguvu za kawaida kuufungua mlango kwa pigo la kwanza ni 2 kati ya 6, yaani theluthi moja. Nafasi ya kuwashtukiza walio ndani ni theluthi moja pia. Nafasi ya kuyapata yote mawili, mlango ufunguke mara moja na walio ndani washtuke, ni theluthi ya theluthi, yaani 1 kati ya 9. Jambo hilo ni adimu. Linapotokea ni kama sikukuu, na wachezaji hulikumbuka miaka mingi.

Lakini kanuni hizi ziliacha ufa mmoja, na katika ufa huo ndimo nilimoanguka. Je, mlango ukivunjwa kwa pigo moja, kelele ya pigo hilo huwaonya walio ndani, au pigo lenyewe ndilo mshtuko? Pande zote mbili zina hoja. Mmoja atasema kwamba hakuna anayevunja mlango kimya kimya, na kwamba kishindo cha mbao husikika mbali. Mwingine atajibu kwamba kishindo na kuingia huja kwa pumzi moja, na kwamba mtu anayekula chakula chake akasikia mlango ukipasuka hawi tayari kwa vita kwa sababu tu amesikia. Mkono wake bado umo sahanini. Niliyajua maswali haya tangu Minneapolis, ambako tulibishana juu yake mpaka usiku wa manane. Nilikuwa sijaamua, na niliwaachia vijana wangu wacheze bila kuwaambia kwamba sijaamua. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumamosi moja ya mwaka 2015 walifika mbele ya mlango wa mti mgumu uliofungwa kwa mikanda ya chuma. Nyuma ya mlango ule nilikuwa nimemweka mkuu wa mazimwi pamoja na walinzi wake sita. Nilikuwa nimemtayarisha kwa wiki mbili. Nilimchorea ramani ya ukumbi, nikamtungia hotuba ya vitisho, na nilitamani sana kuisoma hotuba ile mbele ya vijana.

Mpwa wangu akasema Chuma atatega sikio. Akatupa dadu, ikaja 1. Nikamwambia kwamba anasikia mifupa ikitafunwa na sauti zikigombania nyama. Ndipo akatoa shauri lake. Wafunike taa. Mtu asiseme. Chuma apige mlango kwa bega mara moja tu, na mwenzake mwenye mkuki asimame nyuma yake bila kugusa mlango, ili mikono yake iwe huru. Wakishindwa kwa pigo la kwanza warudi nyuma mbio hadi kwenye ngazi nyembamba, na wasijaribu mara ya pili. Alisema yote hayo polepole, akikwama hapa na pale, na hakuna aliyemkatiza. Lilikuwa shauri bora kuliko lolote nililopata kulisikia katika mezani kwetu au ng'ambo.

Chuma alikuwa na nguvu kupita kawaida, kwa hiyo alihitaji 1, 2 au 3. Dadu ikaviringika ikasimama kwenye 2. Vijana wakapiga kelele za furaha. Sasa ilikuwa zamu yangu kutupa dadu kwa ajili ya mazimwi, nami nilikuwa na desturi ya kutupa nyuma ya kitabu kilichosimamishwa mezani, ili ramani yangu isionekane. Nikatupa. Dadu ikaonyesha 2. Mazimwi yalikuwa yameshtukizwa.

Niliitazama dadu ile, nikaona wiki zangu mbili zinapotea. Mkuu wa mazimwi angekufa na mfupa mdomoni, na hotuba yake isingesomwa. Nikaiokota dadu, nikasema, "Walikuwa wamewasikia. Wamesimama tayari na pinde. Ninyi ndio mmeshtukizwa."

Kukawa kimya. Mpwa wangu akanitazama, akauliza, "Mjomba, wa-walitusikiaje?"

Swali lile lilikuwa la haki, na lilistahili jibu la haki. Nikajibu, "Kuvunja mlango ni kelele. Na mwamuzi ni mimi."

Mishale ikamwangukia Chuma, maana yeye ndiye aliyekuwa mbele, akafa kabla ya kuinua ngao. Nikaisoma hotuba yangu. Hakuna aliyeisikiliza. Mpwa wangu aliikunja karatasi ya Chuma mara nne, akaiweka chini ya kikombe chake, akasema, "Asante, mjomba," akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Dada yangu aliniuliza kama nilijua ni kitu gani kilichompata mwanawe, kwa kuwa alikuwa amerudia kujibu kwa kichwa. Nikamwambia sijui. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na uliniuma kuliko wa kwanza.

Kuna methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimeitumia mara nyingi darasani. Siku zile niliitafakari upya, nikaona kwamba methali ile haisemi mkuu akikosa ni nani avunjikaye. Nami nilikuwa nimelipata jibu: avunjikaye ni yule mdogo aliyemwamini.

Nilichukua kitabu changu nikakisoma tena, kisha nikatafuta kanuni za vitabu vilivyotoka baadaye, nijue wengine wameamuaje. Katika kanuni za mwaka 2014 niliona kwamba wachezaji wanaonyemelea hulinganishwa na uangalifu wa wale wanaonyemelewa, na aliyeshtukizwa hawezi kutembea wala kutenda katika zamu yake ya kwanza. Hiyo ni adhabu kali. Baadaye, kanuni za mwaka 2024 ziliilegeza: aliyeshtukizwa hatulizwi tena kama gogo, katika kutafuta nani atangulie hutupa dadu mara mbili na kuhesabu ile ndogo. Katika vitabu vyote viwili upo uchawi wa kufungua mlango uliofungwa, lakini mlango ukifunguka kwa uchawi huo hutoka sauti ya kubisha isikikayo hadi futi 300, yaani kama mita 90. Jambo hilo lilinifurahisha. Hata mchawi hapati mlango bure. Asipolipa kwa nguvu za bega atalipa kwa kelele.

Nilijifunza kwamba watunzi hawakukubaliana, na kwamba kutokubaliana kwao si aibu. Kanuni nyingi zaweza kuwa za haki. Kanuni kali yaweza kuwa ya haki, na kanuni pole vilevile, mradi ijulikane na wote kabla ya bega kugusa ubao. Laiti ningewaambia vijana mapema kwamba kwangu pigo la mlango huondoa nafasi ya kushtukiza, mpwa wangu angetafuta njia nyingine. Angepaka mafuta bawaba, au angemwita mwizi stadi afungue kitasa, au angewavuta mazimwi watoke nje. Kanuni iliyotangazwa ni ukuta. Mtu huuona, akauzunguka. Kanuni inayozuliwa baada ya tendo ni shimo lililofunikwa majani.

Basi nikaandika kanuni zangu kwenye karatasi moja, kwa maneno machache. Kwanza, kabla mlango haujaguswa, huulizwa kama walio ndani wamekwisha kujua, kwa mwanga upitao chini ya mlango, kwa mazungumzo au kwa vishindo vya miguu. Kama wamejua, hawashtukizwi. Pili, mlango ukifunguliwa kimya kwa ufunguo au kwa ustadi, dadu ya mshtuko hutupwa kama kawaida. Tatu, mlango ukivunjika kwa pigo la kwanza, dadu hutupwa vilevile, kwa kuwa kishindo na kuingia ni kitu kimoja. Nne, pigo la kwanza likishindwa, nafasi ya kushtukiza imekwisha. Wachezaji wengi wa zamani huishika kanuni hii, nami naiona ina akili, maana aliye ndani amepata muda wa kuweka chini mfupa wake na kuchukua upinde. Tano, wenye kusukuma mlango hawatendi kwanza. Aliyesimama nyuma yao mikono mitupu ndiye awezaye kutenda. Sita, wavunjaji hawawezi kushtukizwa na watu ambao wao wenyewe wamewashtukiza. Saba, mwamuzi hutaja nafasi kabla ya dadu kutupwa, na dadu hutupwa mbele ya macho ya wote.

Kanuni ya saba ndiyo iliyonigharimu, kwa sababu haikuwezekana kuiandika na kubaki na siri yangu.

Nilikwenda kwa dada yangu jioni, baada ya magharibi. Mpwa wangu alikuwa chumbani mwake na mlango umerudishwa. Sisi hatukuzoea mkubwa kumwomba radhi mdogo. Mjomba hasa ni mtu wa kuheshimiwa na wapwa zake, na nilipokuwa nikipanda ngazi nilijitafutia visingizio vingi vya kurudi. Nilisimama mbele ya ule mlango, na ilinijia fikira kwamba ningeweza kuusukuma tu, kwa kuwa ni nyumba ya dada yangu na yule ni mtoto. Nikabisha hodi. Hakujibu. Nikabisha mara ya pili. Nilipobisha mara ya tatu nilikuwa tayari kuondoka, ndipo alipofungua.

Nikamwambia, "Dadu ilionyesha 2. Walikuwa wameshtukizwa. Mimi niliificha."

Alinitazama kitambo. Kisha akasema, "Ni-nilijua, mjomba. U-uliiokota haraka."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba Chuma atafufuka, tena atapewa upanga wa ajabu na mfuko wa dhahabu, kama fidia. Akatikisa kichwa. Upanga hakuutaka, wala dhahabu. Alitaka turudi mlangoni, pale pale mlango ulipovunjika, tuendelee kutoka hapo. "Da-dadu ilikwisha kusema," alisema.

Nikampa karatasi yangu ya kanuni saba. Aliisoma yote amesimama. Akauliza juu ya kanuni ya tano: je, kama mlango unafunguka kwa kuvutwa, mvutaji hawezi kujificha nyuma ya ubao wake? Nikamjibu kwamba sikufikiri juu ya hilo. Akachukua kalamu akaliandika pembeni, nami nikalikubali, na mpaka leo limo katika kanuni zetu.

Jumamosi ile tulirudi mlangoni. Mwenye mkuki alitenda kwanza, na mkuu wa mazimwi alianguka na mfupa mkononi, bila kusema neno. Vita vilivyonichukua wiki mbili kuvitayarisha viliisha kwa dakika kumi. Nilikuwa nimedhani nitaona uchungu. Badala yake niliwatazama vijana wanne wakisimama juu ya viti vyao kwa furaha, na dada yangu akija mbio na kitambaa cha jikoni kuuliza kama nyumba inaungua, nikafahamu kwamba hadithi yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Yangu ilikuwa na hotuba. Yao ilikuwa na shauri jema lililofanikiwa kwa haki.

Miaka imepita. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, na kigugumizi chake kingalipo, ingawa hakimzuii kusema. Yeye mwenyewe ni mwamuzi wa meza ya vijana huko Nairobi. Nilipata kuketi siku moja katika meza yake kama mgeni. Mchezaji mmoja alisema anataka kuvunja mlango kwa shoka. Mpwa wangu alimwambia, kwa utulivu na kwa kituo, kwamba shoka litahitaji mapigo mengi, kwamba walio ndani watasikia, na kwamba mshtuko hautakuwapo. Kisha akamwuliza kama bado anataka. Yule kijana alifikiri, akaweka shoka chini, akaomba kutega sikio kwanza. Sikusema kitu, lakini moyo wangu ulijaa.

Wewe usomaye huenda usicheze mchezo huu maishani mwako, lakini hutakosa kuwa mwamuzi. Utakuwa kiranja wa bweni, au nahodha wa timu, au kaka mkubwa anayegawa chakula, na baadaye yamkini mwalimu, hakimu au mzazi. Watu watakuja mbele ya milango iliyo mikononi mwako, na wewe ndiye utakayejua yaliyo nyuma yake. Waambie kanuni kabla hawajagusa mlango. Ukiwa hujaiamua, waambie kwamba hujaiamua, mwiamue pamoja. Na itakapotupwa dadu, itupe mahali ambapo hata mdogo wao kabisa aweza kuiona.